Dar hadi New York: upitie Nairobi, Doha, Addis au Ulaya?

Ukiuliza mtandaoni umbali wa kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK), New York, jibu linakuja kabla hujameza mate: kilomita 12,437, mwendo wa saa 14 na ushee. Nilimsomea mama kama lilivyo. Akahesabu kwa vidole, akatabasamu. "Basi nikiondoka asubuhi, usiku nimeshampakata mjukuu."

Hesabu yake haikuwa na kosa. Ila safari hiyo haipo.

Hakuna ndege ya abiria inayotoka Tanzania hadi Marekani bila kutua mahali. Hizo kilomita 12,437 ni urefu wa uzi tu. Chukua mpira wa mtoto, weka alama ya Dar upande huu na ya New York upande ule, vuta uzi mpaka ukaze. Uzi huo unakatiza Ziwa Victoria, unapita Uganda, unaivuka Sahara, kisha unatokea Atlantiki upande wa kusini mwa Morocco. Kwenye ramani ya ukutani utauona umepinda kama upinde, lakini juu ya mpira hakuna njia fupi zaidi. Saa nazo zimepatikana kwa kuugawa uzi huo kwa mwendo wa ndege, kama kilomita 900 kwa saa, na kuongeza dakika kidogo za kupaa na kutua. Na ukiona tovuti moja imeandika 7,728 na nyingine 6,715, hazibishani: ya kwanza inahesabu maili za kawaida, ya pili maili za baharini, zile wanazotumia marubani.

Kilichotukalisha kwenye simu wiki nzima, mimi Dar, dada na shemeji huko Bronx, New York, kilikuwa kingine kabisa: mama apitie wapi? Ana miaka sabini na mbili, magoti yake yanalalamika, Kiingereza chake ni cha "thank you" na "my son". Nikarudi kwenye uzi wangu, safari hii nikapima kipande kwa kipande.

| Njia | Kilomita | Saa za angani, takriban |
|---|---|---|
| Nairobi | 668 + 11,837 = 12,505 | 16 hadi 17 |
| Amsterdam | 7,345 + 5,847 = 13,192 | 18 |
| Istanbul | 5,458 + 8,027 = 13,485 | 18 |
| Addis Ababa na Lome | 1,764 + 4,148 + 8,300 = 14,212 | 19 hadi 20 |
| Doha | 3,818 + 10,769 = 14,587 | 20 |

Kilomita hizo ni za uzi, na ndege haifuati uzi. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuizunguka. Upepo nao una lake: juu kule, mahali ndege zinapopita, unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo kwenda Marekani unapanda mlima na kurudi unateremka. Njia ileile inaweza kupungua saa nzima wakati wa kurudi.

Hata hivyo jedwali lilinishangaza. Kupitia Nairobi kunaongeza kilomita 68 tu juu ya uzi ulionyooka, yaani kama kutoka Dar kwenda Bagamoyo. Kupitia Doha kunaongeza 2,150, zaidi ya kwenda Nairobi mara tatu, kwa sababu unaanza safari ya magharibi kwa kuelekea mashariki. Na Ulaya, ambayo wengi wetu tunadhani ni kuzunguka, ni fupi kuliko Ghuba kwa kilomita karibu 1,400. Lakini ukienda kwa mawakala pale Posta, wengi watakutajia Doha na Dubai kwanza. Hawakosei, maana ndege za Ghuba ni nyingi, zinaondoka kila siku, na bei zake mara nyingi zinavumilika.

Nairobi: kiti kimoja, usiku mmoja

Kenya Airways ilianza kuruka Nairobi hadi New York bila kutua tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8 yenye viti 234. Mlango ulifunguka miezi ishirini kabla, Februari 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Ratiba iliyotangazwa wakati ule ilikuwa kuondoka saa 23:25 usiku na kufika saa 06:25 asubuhi ya pili. Ukisoma haraka utadhani ni saa saba. Ni 14 au 15, kwa sababu New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu.

Kuondoka usiku kuna faida ambayo abiria haioni. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na hewa ya joto la mchana huwa nyepesi zaidi. Mabawa na injini hufanya kazi kwa kuishika hewa, kwa hiyo ikiwa nyepesi ndege inahitaji barabara ndefu zaidi ya kupaa, au ipunguze uzito. Na ndege ya kilomita 11,837 ina mafuta ya kutosha kuizamisha meli ndogo. Usiku Nairobi ina baridi, hewa inakaza kidogo, na kila tani inayoruhusiwa ina maana. Dar ipo mita 55 tu juu ya bahari, haina shida hiyo, ila haina ndege hiyo pia.

Uzuri wa njia hii kwa mtu kama mama ni kwamba kuna badiliko moja tu, na linafanyika mahali watu wanaongea Kiswahili. Akipotea Nairobi atamuuliza mfagiaji. Akishakaa kwenye ile ndege ndefu, mlango ukifungwa, hana tena wa kumsumbua mpaka Marekani.

Ubaya wake ni huohuo: saa 15 kwenye kiti kimoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007 yaliyoonyesha kwamba kukaa bila kujinyoosha kwa saa 4 au zaidi safarini kunaongeza kama mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Kwa mtu mmoja mmoja uwezekano bado ni mdogo, kiasi cha mmoja kati ya 6,000, lakini mwenye umri, uzito au historia ya ugonjwa huo azungumze na daktari kwanza. Kiti cha pembeni mwa njia, si cha dirishani, maji, kutembea mpaka choo cha nyuma hata kama huna haja. Mama anapenda dirisha. Hilo tumegombana nalo.

Halafu ndege hii haipo kila siku kila msimu. Ikikuacha, au ikifutwa, unaweza kukaa Nairobi siku moja au mbili ukisubiri ijayo. Kwa hiyo neno langu kwa herufi kubwa: nunua TIKETI MOJA kutoka Dar hadi New York. Kuna wajanja wanaonunua Dar hadi Nairobi kivyake kwa bei ya chee, na Nairobi hadi New York kivyake. Ya kwanza ikichelewa saa tatu, mwenye ya pili hakudai wala hakujui. Na mabegi itabidi uyachukue Nairobi, utoke nje kupitia uhamiaji, uyaingize upya.

Doha na Ghuba: ndefu lakini haina vituko vingi

Dar hadi Doha ni saa sita hivi, Doha hadi New York saa 14. Kwa kilomita, njia hii ni ya mwisho kwenye jedwali langu. Kwa uhakika, iko juu. Ukikosa ndege ya kuunganisha, kuna nyingine, kama si leo basi kesho, na ikiwa tiketi ni moja shirika ndilo linalokutafutia. Uwanja wa Hamad una vyumba vya kuswalia, viti vya kujilaza, na kina mama wa Kiafrika wengi wa kuegamia. Zile saa mbili au tatu za kunyoosha miguu katikati ya safari, kwa mtu wa magoti, ni dawa. Ila angalia saa ngapi unasubiri. Tiketi ya bei ndogo mara nyingi inaficha saa 11 za usiku chini ya taa zisizozimwa.

Njia ya Ghuba nayo si kwamba haiguswi: tarehe 23 Juni 2025 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa, na waliokuwa angani wakageuzwa au kupelekwa kwingine. Hakuna njia yenye dhamana.

Kwa wanaoanzia Nairobi, Abu Dhabi ina kitu ambacho Doha na Dubai hazina. Tangu 2014 maofisa wa uhamiaji wa Marekani wamekaa palepale uwanjani. Unakaguliwa kabla ya kupanda ndege, na ukitua New York unatoka kama mtu aliyetoka Chicago. Mwenye kuogopa ile foleni ya uhamiaji baada ya usiku bila usingizi alifikirie hili.

Ulaya

Amsterdam ni fupi kwa kilomita, na imegawanyika vizuri: kipande cha usiku, kisha kipande cha saa nane mchana. Lakini angalia kama ndege yako inasimama njiani, Kilimanjaro au Zanzibar, kuchukua watalii, maana hiyo saa moja na nusu kwenye kiti chako, taa zimewashwa, wafagiaji wakipita, haimo kwenye jedwali langu. Istanbul ni hadithi ileile, na uwanja wake ni mkubwa: kutoka geti hadi geti unaweza kutembea kama kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja.

Kinachowashtua watu huku ni viza ya kupitia uwanjani. Uingereza inawataka Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wawe nayo hata kama hawatoki nje ya uwanja. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa ujumla zinawataka Wakongo, Wasomali na Waethiopia, si Watanzania wala Wakenya, ingawa nchi mojamoja zinaweza kuongeza majina. Mwenye viza halali ya Marekani kwenye pasipoti kwa kawaida husamehewa kote kuwili. Angalia kabla ya kulipa, maana kaunta ya Dar ndiyo itakayokukatalia, si Amsterdam.

Addis

Fupi kwa kuanzia, chini ya saa tatu, na mara nyingi bei yake ni ya kumvuta mtu sikio. Addis iko mita 2,334 juu ya bahari, juu zaidi ya Nairobi, na tatizo la hewa nyepesi ni lilelile, tena kubwa zaidi. Ndiyo maana ndege za Ethiopian za kwenda New York na Newark zimekuwa zikisimama Afrika Magharibi, Lome au Abidjan, kuongeza mafuta na abiria. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni, hewala. Kwa mama, hapana: kutua mara tatu ni kuamka mara tatu.

Kama New York si mwisho

Hapa ndipo wengi tunakosea kupima. Tunalinganisha njia za New York wakati tunakwenda Minneapolis au Dallas. Marekani ina kanuni yake: kwa kawaida, uwanja wa kwanza unaotua ndipo unapokaguliwa, unachukua mabegi yako kwenye mkanda, unayapitisha forodha na kuyakabidhi upya hata kama yameandikwa mji wa mbele. Fanya hayo JFK ukiwa hujalala kwa saa 20, halafu tafuta geti la ndani. Anayekwenda Minneapolis afikirie Amsterdam, ambako kuna ndege inayokwenda huko moja kwa moja. Anayekwenda Dallas, Doha. Anayekwenda Washington, Addis inarudi kwenye mchezo. Kilomita 1,000 za ziada angani ni nyepesi kuliko begi moja la kilo 23 unalolivuta mara ya pili. Na tiketi nyingi za Marekani zinakupa mawili.

Mtego wa saa nane usiku

Sasa kisa. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mjomba. Tiketi ilisema tarehe 15 Desemba, 02:40. Sisi watu wa saa za Kiswahili tukatafsiri: saa nane na dakika arobaini usiku, tarehe 15. Sawasawa. Tarehe 15 tukashinda nyumbani tukifunga mabegi, dagaa wakiviringishwa magazeti matatu ili wasinuke. Usiku baada ya isha tukakodi gari, tukapita foleni ya Nyerere Road, tukafika Jengo la Tatu saa tano, mapema kabisa, tukajipongeza. Binti wa kaunta aliitazama karatasi, akaitazama tena, akasema taratibu kama anayetoa habari za msiba: "Mzee, ndege yenu imeondoka jana usiku."

Kwa saa za kwenye tiketi, tarehe 15 inaanza saa sita usiku wa tarehe 14. Mjomba alitakiwa kuwa uwanjani siku ya 14 baada ya chakula cha usiku. Kinachouma ni kwamba wazee wetu walikuwa na neno lake kamili, na tungelitumia tusingeaibika: usiku wa kuamkia tarehe 15. Tangu siku hiyo, tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:00 naisoma kwa sauti hivyo, na namlazimisha msafiri arudie.

Kuna na alama ndogo ya +1 pembeni mwa saa ya kufika. Hiyo ni siku inayofuata. Ukiona +2, umepewa usiku mwingine wa kulala uwanjani. Na Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Kwa hiyo kati ya hapo tofauti ni saa 7, na nje ya hapo ni 8. Anayekuja kukupokea JFK asiulizwe "kwenu saa ngapi", aangalie tiketi. Saa zote za tiketi ni za mahali ndege ilipo.

Tulichoamua

Shemeji alitaka Doha kwa sababu ya bei. Dada alitaka Amsterdam kwa sababu aliwahi kuipita, anaijua. Mimi nilishika Nairobi, na hoja iliyoshinda haikuwa ya kilomita wala ya saa. Niliuliza: ikitokea shida saa tisa usiku, mama atamwambia nani, na kwa lugha gani? Kwenye simu kukawa kimya.

Tukaomba kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi. Hakilipiwi, na si lazima uwe mlemavu. Ni kwa yeyote asiyeweza kutembea mbali. Mwenye kukusukuma anazijua njia zote, anakupitisha kwenye foleni, anakufikisha getini. Waombe mapema, siku mbili kabla angalau, na ukumbushe kaunta. Mama mwanzoni alikataa, akasema watu watamuona mgonjwa. Nikamwambia watamuona waziri.

Kurudi itakuwa Doha, Septemba, kwa sababu dada atafuatana naye na wote wawili watahitaji kunyoosha miguu. Kwa kiti, alishinda mama: dirishani.

Kwenye mlango wa friji nimebandika karatasi kwa wino mzito. Kuondoka Dar: Jumatano ya Juni, jioni. Kufika New York: Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kwao. Jana nimekuta mama ameongeza chini yake kwa penseli, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani: "Kwetu saa saba na nusu mchana. Nipigieni."